Bahasha Isiyo na Jina Langu

Bahasha ilikuja Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti, imebanwa katikati ya gazeti la mtaa na tangazo la duka la samani. Kwa miaka kumi na tisa hiyo ndiyo kazi yangu: naitoa kwenye sanduku la barua, napanda nayo ngazi, naiweka mezani upande anaokaa mke wangu. Mara nne kwa mwaka. Safari hii zilikuwa mbili.

Ya pili ilikuwa na jina la binti yangu.

Alitimiza miaka kumi na minane mwezi Julai. Aliichukua akataka kuirarua kama pakiti ya krispi, mama yake akamkemea: "Taratibu!" Maana bahasha inayokuja ndiyo hiyo hiyo inayorudi. Ukiichana ovyo utakaa na gundi usiku kama fundi viatu. Ndani mna kijitabu chekundu cha serikali chenye hoja za wanaotaka na wasiotaka, karatasi za kura, kijibahasha cha kuzitia, na kadi ya mpiga kura ambayo sharti uitie sahihi. Bila sahihi kura imeharibika, hata uwe uliijaza kwa machozi.

Na hapa Zürich, Uswisi, huweki alama ya vema. Unaandika neno lenyewe kwa mkono wako: Ja, au Nein. Nimeliona hilo mara nyingi nikipita nyuma ya kiti cha mke wangu, na bado sijalizoea. Mtu mzima yuko jikoni na kikombe cha kahawa, anaiandikia nchi neno moja.

"Baba," binti yangu akauliza, "wewe ungeandika nini?"

Sikumjibu. Nilifanya tufanyavyo wazazi tukibanwa: nikatoa hotuba. Nikamsimulia jinsi tulivyopanga foleni Mombasa mwaka 2005 tangu alfajiri, na usiku tukalala hatujui kura zetu zimelala wapi. Hapa, nikamwambia, kura ni kura. Yako, ya Babu kule milimani, ya mwenye benki, zote sawasawa.

Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye kijitabu.

"Hii ya kitambulisho, sawa. Lakini hii ya nyumba, kura moja ya Babu ni kama arobaini zangu."

Ni wiki ya kumi sasa. Bado naitafuna sentensi hiyo.

## Karatasi mbili, hesabu mbili

Tuanze na neno. Sisi tunaita kura ya maoni. Maoni ni kitu unachokitoa na mkubwa akakipokea kwa mkono wa kushoto. Majirani zetu wa Tanzania wanalitumia neno hilo hilo kwa kura za ndani ya vyama, zile ambazo mtu anaweza kuongoza leo na kesho akakatwa jina. Uswisi hawatoi maoni. Likipita limepita, bunge lipende lisipende.

Sasa tarehe 28 Septemba 2025 walikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilihusu sheria ya kitambulisho cha kidijitali. Bunge lilikuwa limeshaipitisha, lakini wasioitaka wakikusanya sahihi 50,000 ndani ya siku 100, sheria haianzi mpaka wananchi waulizwe. Hesabu yake ni nyepesi: wengi wakisema ndiyo, ndiyo.

Ya pili ilihusu kodi, na hapa Kiswahili chetu kinanicheka, kwa kuwa hatuna ila neno moja. Ni hivi: Mswisi akiishi ndani ya nyumba yake mwenyewe, serikali hukadiria kodi ambayo angeipokea kama angeipangisha, kisha humtoza kodi juu ya kodi hiyo ambayo hakuna aliyemlipa. Mama yangu nilipomweleza kwenye simu alinyamaza, kisha akauliza kama nimekula.

Kuiondoa kulihitaji kubadili katiba kidogo, ili kantoni, yaani majimbo yao, ziruhusiwe kutoza kodi nyumba za pili. Na katiba haiguswi kwa wingi wa watu peke yake. Lazima na kantoni zilizo nyingi zikubali. Kantoni ni 26, lakini sita kati yake zinahesabiwa nusu nusu, kwa hiyo kura za kantoni ni 23, na mshindi anahitaji 12. Uri, kwa kina Babu, haina watu elfu arobaini. Zürich tumepita milioni moja na nusu. Uri ina kura moja ya kantoni, na Zürich ina moja.

Nilikuwa silijui hilo? Nilikuwa nalijua. Ila kwa miaka yote niliyokuwa nikiwasimulia wenzangu wa Mombasa, sehemu hiyo nilikuwa naiacha. Nilisimulia harusi bila kutaja mahari.

Nilipenda zaidi vichekesho. Mwaka 2012 waliulizwa kama wanataka likizo ya wiki sita badala ya nne, theluthi mbili wakakataa. (Kikundi chetu cha WhatsApp bado hakijapona.) Mwaka 2018 nchi nzima iliulizwa kama mfugaji anayewaachia ng'ombe wake pembe apewe ruzuku. Nao wakakaa, wakasoma kijitabu, wakajibu. Asilimia 54.7 walikataa. Nani mwingine duniani anaweza kukutajia kwa desimali nchi yake inaonaje pembe za ng'ombe?

Jumapili ya Septemba ilipofika, saa sita mchana vituo vikafungwa, na jioni kila kitu kilikuwa kinajulikana. Kodi ya nyumba ilifutwa kwa asilimia 57.7, ingawa upande wa wanaozungumza Kifaransa uliikataa. Kitambulisho kilipita kwa asilimia 50.4. Tofauti ilikuwa kura elfu ishirini na moja hivi kwa nchi nzima. Hao usingejaza nao hata nusu ya uwanja wa Kasarani. Mwaka 2021 hao hao walikikataa kitambulisho kwa asilimia 64, kwa kuwa kingetolewa na kampuni binafsi. Serikali ikaenda, ikarudi na sheria nyingine ambapo inakitoa yenyewe. Nilimkumbuka mama yangu na foleni ya Huduma Namba, kitambulisho cha kidijitali cha kwetu Kenya. Yeye aliambiwa tarehe ya mwisho ya kujiandikisha. Kuulizwa hakuulizwa.

"Nimeshinda!" binti yangu akaruka. Aliandika Ja kwenye kitambulisho. Hesabu zote mbili zilitoa jibu lile lile alilolitaka, hivyo siku ile hakuwa na ugomvi na mtu.

Ugomvi ulibaki kwangu.

## Makaroni na siri

Jumapili moja ya Oktoba tulipanda treni kwenda Altdorf, Uri. Baba mkwe alifanya kazi kwenye reli ya Gotthard mpaka alipostaafu, na mpaka leo anaangalia saa treni ikipita. Mama mkwe alipika chakula chao cha milimani, makaroni na viazi pamoja na jibini, na rojo la tufaha pembeni. Mama yangu alipokuja mwaka 2013 alidhani rojo limemwagikia chakula kwa bahati mbaya, akanyamaza kwa heshima.

Binti yangu hana subira. Kabla hatujamaliza kupakua akamwambia babu yake kwa Kijerumani chao cha Uswisi kwamba kura yake ni arobaini.

Mzee hakukasirika. Aliweka uma chini akarudi mwaka 1847. Kantoni za Kikatoliki, Uri ikiwemo, zilijitenga zikaunda umoja wao, vita vikazuka Novemba. Havikufika mwezi. Waliokufa walikuwa kama mia moja, na upande wa Babu ulishindwa. Mwaka uliofuata washindi wakaandika katiba, na ndani yake wakawaachia wadogo kiti sawa na wakubwa.

"Wangeweza kutumeza," alisema. "Hawakutumeza. Ile kura ndiyo iliyotubakiza mezani."

"Lakini Babu, mimi sikupigana na wewe."

Alicheka mpaka akakohoa.

Nilikuwa tayari kumuunga mkono binti yangu. Mdomo umeshafunguka. Ndipo nikaikumbuka Seneti yetu. Lamu haifiki watu laki mbili, Nairobi imepita milioni nne, na kaunti zikipiga kura Seneti, Lamu ina moja na Nairobi ina moja. Na mimi mtu wa Pwani sijawahi hata siku moja kuliona hilo kuwa dhuluma. Nimelitetea kwenye mabaraza, kwenye kahawa, kwenye matanga ya watu. Kwa nini cha Lamu kiwe haki na cha Uri kiwe kejeli? Sikupata jibu isipokuwa moja lisilopendeza: Lamu ni kwetu, na Zürich ndiko ninakoishi.

Nikafunga mdomo, nikaongeza jibini.

Mama mkwe alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, bila kumtazama mumewe, "Mwulize ya 1971."

Meza nzima ikatulia. Mke wangu akaniangalia ile ya haya-sasa.

Wanawake wa Uswisi walipata kura ya kitaifa tarehe 7 Februari 1971. Waliopiga kura ya kuamua hilo ni wanaume peke yao, kwani ndio waliokuwa na haki. Mwaka 1959 waliulizwa, wakakataa kwa theluthi mbili. Mwaka 1971 wakakubali kwa theluthi mbili. Ila wanaume wa Uri walikataa hata mara hiyo ya pili. Haki ilivuka milima ikaingia Uri ikiwa imebebwa na kantoni nyingine.

Mama mkwe alikuwa na miaka 24, ameolewa mwaka wa pili. Mumewe alikuwa na miaka 26. Alikwenda kupiga kura asubuhi ile, amevaa koti la kanisani. Mkewe alibaki jikoni.

"Miaka hamsini na minne namwuliza aliandika nini," alisema.

"Kura ni siri," akasema mzee, akausogeza mchuzi.

"Unaona?" Mama mkwe alimgeukia mjukuu wake. "Haki yangu nililetewa na wanaume nisiowajua hata mmoja. Huyu ninayemjua hataki kusema."

Aliisema akitabasamu. Wamezeeka na hilo, limekuwa kama kiti kibovu ambacho kila mtu ndani ya nyumba anajua namna ya kukikalia. Lakini niliuona mkono wake kwenye kitambaa cha meza, unanyoosha mkunjo ambao haukuwepo.

Mwaka 1959 magazeti bila shaka yaliandika kwamba wananchi wameamua. Na kila kura ilihesabiwa vizuri, kama kawaida yao. Huko Appenzell Innerrhoden wanaume waliendelea kuwafungia wanawake mambo ya kantoni mpaka mahakama ya juu ya shirikisho ilipowalazimisha, Novemba 1990. Elfu moja mia tisa na tisini! Mimi nilikuwa shule ya msingi, mwalimu mkuu wetu alikuwa mwanamke, na alikuwa akipiga kura.

## Chumba cha kufulia

Nimesema nilikuwa nikiisifu nchi hii. Kuna siku moja ambayo sikuisifu, na huwa siisimulii.

Tarehe 29 Novemba 2009 waliulizwa kama ujenzi wa minara ya misikiti upigwe marufuku ndani ya katiba. Nchi nzima ilikuwa na minara minne, na hakuna hata mmoja uliokuwa unaadhiniwa nje. Kura za utafiti zilisema pendekezo litaanguka. Nililala mchana nikiwa nimetulia. Nilipoamka ilikuwa asilimia 57.5, ndiyo. Kantoni zilizokataa zilikuwa Geneva, Vaud, Neuchâtel na Basel-Stadt. Basi.

Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya kufua. Majengo haya yana chumba kimoja cha kufulia huko chini, na kila mpangaji ana siku yake iliyoandikwa ukutani. Kuikosea ni kosa zito kuliko mengi. Jirani wa ghorofa ya kwanza alikuwa bado anamalizia mashuka yake. Bibi mmoja mpole, aliyekuwa akimpa binti yangu peremende kila wakikutana ngazini. Kama kawaida nilishika pembe mbili za shuka, naye mbili, tukawa tunakunja. Tunakaribiana, tunaachana, tunakaribiana.

Na mimi nikawa nahesabu. Asilimia 57. Wapangaji kumi na wawili, ondoa wageni, wamebaki wanane. Ni yeye? Au yule wa ghorofa ya tatu mwenye mbwa?

"Jana..." akaanza, akatikisa kichwa, akaacha hapo.

Alitikisa kichwa kwa kusikitika, au kwa kuona tabu kuwa mimi niko mbele yake? Alihama mwaka 2014. Sikuwahi kujua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na pa kujiliwazia. Kwetu ukishindwa unaweza kusema zimeibwa. Ni faraja ya aina yake. Unawachukia wachache waliokaa ofisini usiku, na majirani zako wanabaki majirani. Hapa hakuna aliyeiba. Zilihesabiwa moja moja, na ndivyo watu walivyoandika, kwa mkono, jikoni, na kahawa.

Mimi nilikuwa ndani ya swali. Ndani ya hesabu sikuwemo.

## Chungwa la pili

Mwaka 2020 roshani za Zürich zilijaa bendera za rangi ya machungwa. Mkenya wa rika langu akiona chungwa na kura ya maoni pamoja, mwili wenyewe unasimama, maana mwaka 2005 chungwa letu lilikuwa alama ya hapana. Ila lao lilikuwa la ndiyo.

Pendekezo lilisema kampuni yenye makao Uswisi iweze kushtakiwa Uswisi, ikiwa yenyewe au kampuni iliyo chini yake ng'ambo imeharibu mazingira au kuvunja haki za watu. Shaba na kobalti za Katanga, kule Kongo, zina uhusiano mkubwa na ofisi zilizoko Zug, saa moja kutoka hapa, hata haifiki. Nina rafiki mzaliwa wa Likasi, tunafanya kazi zamu moja. Tunaongea Kiswahili, yeye chake na mimi changu, tukikwama tunamalizia kwa Kijerumani. Wiki zile alikuwa anapita chini ya bendera akizihesabu kama mtoto anayehesabu magari mekundu.

Matokeo ya tarehe 29 Novemba tuliyafuatilia kwenye simu yake. Miaka kumi na moja kamili baada ya minara, nilikumbuka baadaye. Asilimia 50.7 ndiyo. Akanikumbatia, janga la korona na yote. Dakika chache mbele ikaja habari kwamba pendekezo limeanguka: kantoni nane na nusu zimekubali, kumi na nne na nusu zimekataa. Zürich ilisema ndiyo. Uri ilisema hapana. Mara ya mwisho pendekezo la wananchi kushinda kwa watu na kuangushwa na kantoni ilikuwa mwaka 1955, kwa habari ya wapangaji na walaji.

Nilimweleza kanuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili cha kwao:

"Bantu balisema ndiyo. Njo nani alikatala?"

Nikamwambia: milima.

Hakucheka. Wala mimi.

Tangu wakati huo nimelizungusha jambo hili kila upande. Ni kejeli kwamba mzee wa Altdorf, ambaye Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, haujui hata kwenye ramani, kura yake ina uzito wa kupita kiasi kuhusu vumbi la Kolwezi, na aliyeko Kolwezi akilivuta vumbi hilo hana bahasha. Halafu nageuza: ni wapi pengine raia wa kawaida waliwahi kuandikiwa barua nyumbani na kuulizwa, kampuni zetu zikiumiza watu Afrika, zishtakiwe au zisishtakiwe? Mimi sijui pengine. Na zaidi ya nusu walisema zishtakiwe. Haikufa moja kwa moja pia. Sheria nyepesi zaidi, ya kuzitaka kampuni zitoe taarifa, ilianza kazi 2022, na mwanzoni mwa mwaka 2025 watu walirudi mitaani na kalamu. Sahihi laki moja zinazotakiwa zilipatikana ndani ya wiki mbili.

Rafiki yangu alitaka kutia yake. Msichana mwenye fomu akamwuliza kwa adabu kama ni raia.

## Mikono safi

Kwenye treni ya kurudi kutoka Altdorf, ziwa likiwa kushoto kwetu, binti yangu aliuliza swali ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu Agosti.

"Baba, mbona wewe hujaomba uraia?"

Nilikuwa na majibu. Nilimwambia tulipooana, Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili, na mimi pasipoti yangu siitupi. Kweli. Akanikumbusha, mtoto aliyezaliwa Zürich, kwamba katiba ya 2010 ilibadilisha hilo. Kweli pia, ibara ya 16. Tarehe 4 Agosti 2010 thuluthi mbili ya Wakenya waliopiga kura walinifungulia mlango huo, nikiwa nimekaa huku nimetazama televisheni. Kura yangu ya mwisho ya maoni ilikuwa ile ya chungwa, Novemba 2005, na nilikuwa nimeshinda.

Nikasema fomu ni nyingi. Akasema mume wa raia ana njia fupi. Nikasema ni ghali. Akanyamaza, akatazama nje, kwa heshima.

Nilipofika nyumbani sikulala. Kwa sababu si pesa, wala si fomu. Mwaka 2009 nilipokuwa nakunja shuka, niliweza kusema moyoni: nyinyi. Mwaka 2020: nyinyi. Likizo, pembe, minara, Kolwezi, yote ni nyinyi. Nimeishi miaka kumi na tisa katika nchi ambako kila mtu mzima anawajibika kwa neno aliloliandika, na mimi peke yangu mikono yangu safi. Naijua hesabu yao vizuri kuliko wengi wao, nusu yao hata bahasha hawairudishi, nami nimekuwa nikikaa ukumbini kama mtazamaji aliyeingia bure na kulalamikia mchezo.

Babu angalau anayo siri ya kuficha.

Na je, ningeandika nini kwenye ile ya kitambulisho? Naogopa kusema. Nafikiri Nein.

Fomu niliichukua wiki iliyofuata. Imekaa juu ya friji siku kadhaa, kisha ikahamia mezani. Nimejaza jina, tarehe, mahali pa kuzaliwa, anwani zote za miaka iliyopita. Nyingine sikuzikumbuka, nikamwuliza mke wangu.

Juzi bahasha za Novemba zimefika. Safari hii ni mapendekezo mawili ya wananchi: utumishi wa lazima kwa kila kijana, wasichana kwa wavulana, na kodi ya nusu kwa urithi unaozidi faranga milioni 50. Yote mawili yanataka watu na kantoni. Binti yangu aliyajaza peke yake chumbani kwake. Hakuniuliza ningeandika nini.

Leo asubuhi alipita mbio, kiatu kimoja mguuni. "Baba, ukishuka nitilie sandukuni," akaitupa bahasha juu ya fomu yangu na kutoka.

Haikuwa imefungwa. Kijibahasha cha kura kilikuwa kimebandikwa vizuri, hicho sikukigusa. Niliitoa kadi tu. Pale pa sahihi palikuwa peupe.

Nilimwita ngazini mpaka majirani wakafungua milango. Akapanda ngazi mbili mbili, akaninyang'anya kalamu niliyokuwa nayo mkononi, akatia sahihi ameiegemeza kadi ukutani, akashuka kuwahi tramu.

Kalamu akaondoka nayo.